Tupeane uzoefu: ulifikaje leveli ya mwisho ya gemu la mtandaoni, au nini kilikutoa ukiwa mlangoni?

Kisiki cha Mpingo:
Wakuu habari za asubuhi. Jana usiku nimeingia chumbani kwa mpwa wangu kuzima taa, nikamkuta kalala na simu kifuani, skrini bado inawaka, mtu wake anaendelea kuvua kamba mwenyewe kando ya maji. Naichukua niichomeke chaji, mara ikapiga kale kawimbo. Mliocheza gemu la RuneScape mnakajua, kale ka tarumbeta ka kupanda leveli.

Nikakaa kitandani kwa mtoto kama mjinga. 2008, Sinza, kafe ya juu ya saluni, shilingi 1,000 kwa saa, mashine namba 6 ndiyo pekee yenye kibodi nzima. Nilikuwa nakata miti ya yew tu. Nauli ya daladala ilikuwa inaishia humo, narudi Mabibo kwa miguu. Siku nilipogonga Woodcutting (ukataji miti) leveli 92 nilisimama nikanyoosha mikono juu, kafe nzima inanitazama, mwisho ni 99, si zimebaki saba tu! Jamaa wa mashine ya pembeni hata hakugeuka. Akasema: "Hapo ndiyo umefika nusu."

Niliondoka na dakika zangu hazijaisha. Sikurudi mpaka 2018, Old School, lile toleo la kizamani la RuneScape, ilipoingia kwenye simu, na neno la siri nilishasahau, nikaanza moja. Sasa hivi nipo 96. Waliofika 99, au leveli ya mwisho ya gemu lolote la mtandaoni, semeni. Mlijisikiaje? Na ninyi mlioishia njiani, nani aliwaroga?

Ngosha wa Igoma:
"Hapo ndiyo umefika nusu." Mkuu umenitonesha kidonda. Na mimi niliambiwa hivyo hivyo, ila mimi nililia.

Sungura wa Mtaa wa Pili:
Nusu ya 99 ni 49 na nusu. Shule mlikwenda kufuata uji?

Binti Makorora:
Sungura, wewe ndiye uliyefuata uji. Kufika 99 ni XP (pointi za uzoefu) 13,034,431. Kufika 92 ni 6,517,253. Gawanya mwenyewe. Kila leveli inadai karibu asilimia 10 zaidi ya ile iliyopita, kwa hiyo ukipanda leveli saba deni limeshajizidisha mara mbili. Ni kausha damu tupu.

Gogo moja la yew linatoa XP 175. Kutoka 92 kwenda 99 ni magogo 37,000 na ushee, na mfuko unabeba 28. Safari 1,330 za benki. Nazijua kwa sababu nimezitembea, pale Edgeville, mji wa humo humo kwenye gemu, miti miwili kusini mwa benki, unafika unakuta visiki na watu sita wamesimama wanasubiri uote.

Sungura wa Mtaa wa Pili:
Sawa mwalimu. Ila kwa safari 1,330 ungeshafika Makka kwa miguu na kurudi.

Bin Ruwi:
Nyie mna bahati, dari yenu haihami. Miye nlokuwa kwenye World of Warcraft ndo nimeonja. Nlikuwa nshahamia Muscat, mwaka 2006, leveli 60, ndo mwisho wakati ule. Tulikuwa tukiingia pango la Molten Core watu 40, usiku wa manane, mmoja akienda chooni bila kuaga tunakufa wote. Kifaa kimoja cha zambarau, ile rangi ya vitu adimu, unakingojea miezi, kikitoka mnapigiana kura, anapewa Mswidi aloanza juzi. Nlipata upanga wangu baada ya hayo yote. Nliusafisha kwa macho kila siku.

Januari 2007 ikaja nyongeza ya gemu, The Burning Crusade, mwisho ukawa 70. Wallahi, naingia Hellfire Peninsula, eneo jipya la kwanza, kazi za mwanzo mwanzo tu, napewa zawadi ya rangi ya kijani, ile ya kila mtu, inaushinda upanga wangu. Nlikaa kitako.

Halafu ikawa 80, 85, 90, 100, 110, 120. Mwaka 2020 wakaona idadi imekuwa kubwa, wakazipunguza. Alokuwa 120 akawa 50. Nlilala mzee nikaamka kijana, na magoti yaleyale.

Ngosha wa Igoma:
"Na magoti yaleyale" 😂😂 Nimecheka peke yangu kwenye basi.

Kongowea254:
Hizo za kuhamisha dari ni afadhali. Tibia haina dari kabisa, unapanda tu mpaka uchoke, lakini ukifa unashuka. Ilitoka Ujerumani 1997 na watu bado wanaicheza, sijui wana roho gani.

Mimi nilicheza kwa cyber, Mombasa, bob moja kwa dakika. Level 45, nimejipanga vizuri, niko chini kabisa kwa mapango, begi limejaa. Stima zikapotea. Sasa kwa hiyo gemu ukikatika katikati ya vita mtu wako habebwi, anabaki amesimama hapo kama sanamu, wale madubwana wanakula tu. Stima zilirudi baada ya dakika ishirini. Nikaamka hekaluni level 43, sina begi.

Hiyo bado si kitu. Wiki iliyofuata naona kijana wa kiti cha nne amevaa ngao yangu. Ngao ile ile, mchana kweupe. Yeye laptop yake ilikuwa na betri na modemu. Alikuwa amesimama karibu na maiti yangu akinisubiri nioze. Na alikuwa ananiomba chenji kila siku!

Mzee wa Bando:
Ulimfanya nini?

Kongowea254:
Tulioa siku moja, wake zetu ni marafiki. Ngao hajarudisha.

Kipepeo_07:
Wazee hii miti na mapango mnavumiliaje? Njooni Genshin, picha nzuri, muziki mzuri, kila kitu kipo kwenye simu.

Binti Makorora:
Genshin ipi, ile ya kusubiri dakika 8 kwa Resin moja, nguvu ya kuchukulia zawadi? Hiyo si kucheza mdogo wangu, hiyo ni foleni ya zahanati.

Kipepeo_07:
Angalau hatushindi tukikata kuni 😒 Ila kwa wanaoanza, ukifika Adventure Rank (leveli ya mchezaji) 25 usikimbilie kufanya ile kazi ya kuvuka. Mimi nilikimbilia, World Level ikapanda, maadui wakawa wagumu na watu wangu bado dhaifu, nikawa nachapwa na vile vijitu vya mwanzo kabisa. XP zinaendelea kujikusanya hata usipovuka. Kaa chini, nenepesha timu kwanza.

Pweza Mkavu:
Nilikuwa nasoma kimyakimya lakini huyu aliyesema kuni kanigusa. Acha niseme, mnicheke.

2021 nilikuwa Woodcutting 98. Zimebaki XP milioni moja na laki mbili hivi. Nimelipia uanachama wa mwezi, siku zinahesabika. Mara kazini napangiwa kwenda Katavi na timu ya wapima ardhi, wiki tatu, sehemu ambayo mtandao unaupandia kichuguu. Roho ikaniuma, siku zangu nimelipa zinateketea bure. Nikamwita mama watoto. Yeye ana kibanda cha uwakala, anatoa na kuweka pesa za watu, na wateja wakipungua anashinda anafukuza inzi. Nikamwachia simu yangu ya zamani. Nikamwelekeza: gusa mti, akijaza mfuko mpeleke benki, rudi. Usiongee na mtu.

Nikasafiri.

Mzee wa Bando:
Naweka kigoda hapa.

Ngosha wa Igoma:
Pweza usituachie njiani kama wale wa hadithi za sehemu ya kwanza.

Sungura wa Mtaa wa Pili:
Kabla hajaendelea: kumpa mtu akaunti yako ni kosa kwa sheria za gemu lenyewe. Wakikubaini unafungiwa.

Pweza Mkavu:
Najua Sungura, sikuja hapa kuungama kwako.

Narudi nyumbani usiku, vumbi mpaka kwenye kope, hata maji sijaoga namuuliza simu iko wapi. Ananiambia, "Ile simu yako niliizima, nadhani niliiharibu. Samahani." Moyo ukashuka. Naiwasha. Woodcutting 99.

Namuuliza ilikuwaje. Anasema alikuwa anamhudumia mteja, mzee mmoja anatoa elfu thelathini, huku kidole kinagusa mti bila kutazama. Simu ikapiga fataki. Fataki, juu ya kichwa cha mtu wangu! Halafu watu wote waliokuwa wanakata miti pale wakaanza kuandika gz, gz, gz. Yeye hajui kwamba wanampongeza. Akadhani wanamtukana. Akaandika "gz mwenyewe", akazima simu, akaificha kwenye droo ya floti.

Miezi minne nimesota kwa fataki zile. Zimelipukia kwenye kibanda cha uwakala, ameziona yeye na yule mzee wa elfu thelathini.

Binti Makorora:
"Gz mwenyewe" 😭😭😭 Shemeji apewe cheo.

Kisiki cha Mpingo:
Mimi hapa nacheka na machozi. Lile joho la 99 ulinunua?

Pweza Mkavu:
Nilinunua, sarafu 99,000. Nimelivaa siku mbili nikalivua. Mtu akiniandikia gz naona haya.

Ila kuna jambo jingine. Katika kupekua mazungumzo nikaona kuna jamaa alimwambia mke wangu ampe sarafu laki tano, atamrudishia milioni. Huyo huyo, jina lile lile, mimi alishanila milioni mbili mwaka uliotangulia na sikumwambia mtu. Mke wangu alimjibu kwa Kiswahili: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Akaendelea kukata miti. Yeye hao anawaona kibandani kila siku, wanampigia simu eti muamala umekosewa. Mimi mwenye diploma ndiye niliyelizwa.

Sungura wa Mtaa wa Pili:
Kwa hiyo tukubaliane, hiyo 99 si yako. Umefanyiwa mtihani na mamluki. Matokeo yanafutwa.

Mzee wa Bando:
Acha wivu. Akaunti yake, bando lake, mke wake. 97 za kwanza alipanda nani?

Binti Makorora:
Mzee wa Bando, bando linaingiaje hapa? Leveli ni ya aliyekuwepo. Mimi yangu iligonga saa nane usiku, nina homa, niko peke yangu chumbani Tanga, na siibadilishi na kitu.

Mzee wa Bando:
Ya kwako ya homa nayo tutajuaje haikugongwa na mumeo?

Binti Makorora:
Sina mume. Kama unatafuta kujua ungeuliza tu.

Ngosha wa Igoma:
Uuuuwi.

Kisiki cha Mpingo:
Jamani turudi kwenye mada. Mimi nipo 96, nishaurini. Nimalizie kwa yew au nihamie miti mingine?

Bin Ruwi:
Malizia palepale ulipoanzia. Na usiweke tarehe. Ukiweka tarehe utaichukia.

Kongowea254:
Weka tarehe, bila tarehe hutamaliza. Na ununue powerbank kwanza.

Kipepeo_07:
Hamia Genshin.

Jongoo wa Ngarenaro:
Mimi nipo 98 tangu 2020. Zimebaki XP kama elfu kumi, saa moja haifiki. Siugusi mti hata kwa bahati mbaya. Najua kabisa nikigonga 99 nitafuta gemu kesho yake, na kwenye hili gemu ndiko nilikobaki na marafiki zangu wa chuo. Kwa hiyo navua samaki, napika, naongea nao. Kisiki, nenda hadi 98 halafu usimame.

Sungura wa Mtaa wa Pili:
Huu sasa ni ugonjwa.

Pweza Mkavu:
Sungura, kwanza wewe upo ngapi? Tangu asubuhi unahukumu watu.

Sungura wa Mtaa wa Pili:
61.

Binti Makorora:
Sitini na moja!! Yew zenyewe umeruhusiwa kuzikata juzi!

Mzee wa Bando:
Pweza, ile simu ya zamani ilirudi kwako?

Pweza Mkavu:
Haikurudi. Alifungua akaunti yake, amejiita jina la mama yake. Juzi kapata Fishing 99, safari hii hakuzima, aliniita toka bafuni nikaja na povu. Mimi Fishing nipo 83.

Chaurembo:
Nimechelewa uzi, nimeusoma wote. Hii RuneScape inaingia kwenye simu ya GB 16? Na mgeni aanzie wapi?

Kisiki cha Mpingo:
Inaingia, futa video za magrupu kwanza. Anzia Draynor, samaki na benki viko karibu. Na mtu akikwambia "nifuate huku nikakupe nguo za vita", usimfuate, anakupeleka Wilderness, kule wachezaji wanakouana. Mpwa wangu ameamka hapa ananiuliza nani kagusa simu yake.