Chombo cha zamani cha bei nafuu kwa kijana wa miaka 16: mtumbwi, ngalawa au boti ya faiba?

Mkazi wa Tongoni

Assalaam aleikum, wanajamvi. Kijana wangu ana miaka 16, amemaliza mtihani wa kidato cha nne na yuko nyumbani akisubiri matokeo. Tangu utotoni amekuwa akitoka na mjomba wake kuvua kwa mshipi, na sasa anataka chombo chake badala ya kuomba nafasi katika vyombo vya watu. Nimekubali, ila fedha niliyonayo haizidi shilingi 1,200,000 pamoja na matengenezo, kwa hiyo chombo kipya hakimo katika hesabu.

Nimeonyeshwa vitatu. Cha kwanza ni mtumbwi wa mwembe wa futi 14, pamoja na makasia mawili, kwa shilingi 300,000. Cha pili ni ngalawa ya futi 20 yenye tanga linaloonekana jipya, ambayo mwenyewe anataka 850,000. Cha tatu ni boti ya faiba ya futi 16 isiyo na mashine kwa 1,100,000. Atavua changu na tasi upande wa ndani wa miamba, na bamvua (maji makubwa) ikitoka chombo kitalala mchangani. Naomba ushauri wa watu wanaovijua vyombo hivi, kwa sababu kila muuzaji anasifia chake.

Fundi wa Pangani

Waaleikum salaam, kaka. Kabla ya kulinganisha aina, linganisha hali, maana ngalawa mbovu haiushindi mtumbwi mzima. Nenda maji yakiwa yametoka, chombo kikiwa kikavu, ukachukue kisu chembamba na nyundo ndogo. Gonga ubavu mzima kuanzia omo (mbele) hadi tezi (nyuma): mti mzima hutoa sauti kavu, na mahali palipooza sauti huwa nzito na butu. Hapo ndipo uchome kisu. Kikiingia bila kulazimishwa, usikubali kuambiwa kuwa ni unyevu tu.

Wengi hukagua nje wakasahau ndani. Maji ya chumvi hayaozeshi mti upesi kama maji ya mvua, kwa hiyo chombo kilichotelekezwa pwani masika nzima bila kufunikwa, mvua ikatuama ndani yake, huoza kuanzia ndani kwenda nje, na rangi mpya huficha yote hayo. Tazama hasa sehemu ya tezi, kwa kuwa chombo kikivutwa juu huinamia huko na maji hukusanyika hapo. Kwa ngalawa, kagua pia pale mirengu, ile miti inayotokeza pande mbili, inapokalia ubavu, na kamba zinazoifunga kwenye ndubi, yaani mbao za pembeni mwishoni mwa mirengu. Ndubi na mirengu hubadilishwa kwa fedha kidogo, lakini gogo likioza umenunua kuni.

Kuhusu wadudu wanaotoboa mbao, hao hushambulia chombo kinacholala majini muda wote. Chombo kinachovutwa juu mara kwa mara na kupitishiwa moto wa makuti chini yake hudumu miaka mingi. Muulize muuzaji alikichoma lini mara ya mwisho, kisha uangalie kama weusi wa moshi upo kweli.

Mashine na Mafuta, Dar es Salaam

Mimi naishi kwa kutengeneza mashine za boti, hivyo ningetarajiwa kuitetea faiba. Kwa bajeti hii siitetei. Boti isiyo na mashine ya futi 16 ni pana na nzito kuivuta kwa makasia, na kijana atachoka kabla hajafika mwambani. Mashine kuukuu ya nguvu farasi 9.9 au 15, hata ukiipata kwa bahati, itapita bajeti yako, na baada ya hapo kuna petroli, oili ya kuchanganya, plagi, na kuisafisha kwa maji baridi (yasiyo ya bahari) kila inaporudi ili chumvi isiile. Kijana anayevua kwa mshipi atajikuta akiuza samaki ili anunue mafuta ya kuwafuatia samaki.

Kama bado unaitaka, kagua ubao wa nyuma unaobeba mashine. Katika boti nyingi za zamani kuna mbao ndani ya faiba, na maji yakipenya kwenye matundu ya bolti mbao hizo huoza bila kuonekana. Simamisha mtu mzima juu yake autikise. Ukiona ubao unacheza, iache. Jambo moja zaidi ambalo wauzaji hawalisemi: chombo cha mti kikijaa maji bado huelea, mtu akakishikilia. Faiba isiyo na vyumba vya hewa vilivyozibwa ikijaa maji huzama.

Mchuuzi wa Samaki

Kaka, mimi nitatazama upande wa karatasi, kwa kuwa mnaongea mbao tu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza mtu wa chini ya miaka 18 kuajiriwa kama baharia melini au mahali popote penye kazi ya hatari. Kijana wako haajiriwi na mtu, lakini sababu iliyoifanya sheria hiyo itungwe ni ile ile: bahari haimpimi mtu kwa nani anamlipa. Ningependa chombo kiandikishwe kwa jina lako na si lake, na aliye mkubwa awemo ndani mpaka atimize miaka hiyo.

Pili, huko kwenu ni eneo la Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga iliyoanzishwa mwaka 2009, kwa hiyo nenda ofisi ya uvuvi ya wilaya ukaulizie leseni ya chombo na masharti ya zana kabla hujalipa. Mshipi hauna matatizo mengi. Nyavu zina mambo yake. Malipo yafanyike mbele ya viongozi wa kamati ya usimamizi wa rasilimali za pwani ya kijiji, ili namba iliyoandikwa ubavuni ihame kutoka kwa muuzaji kuja kwako. Nimeona chombo kikikamatwa kwa kosa la mwenyewe wa zamani.

Mkilwa

Naona hakuna aliyeutetea mtumbwi. Hapa kwetu vijana hujifunzia mtumbwini, ndani ya hori (mkono wa bahari ulioingia bara) ambamo mawimbi hayafiki, na kazi hiyo inafundisha mizani ya mwili kuliko chombo chochote chenye mirengu. Futi 14 huvutwa mchangani na watu wawili juu ya magogo, haihitaji tanga wala kamba, na fedha inayobaki, yaani 900,000 nzima, inanunua majaketi ya kuokolea maisha, nanga, mishipi na sanduku la barafu. Kijana akirudi shule, hupati hasara kubwa chombo kikikaa bure.

Nakiri kwamba mtumbwi hauvumilii upepo. Kwa anayevuka kwenda mwambani si chombo cha kumpa. Swali ni kama kijana lazima aanze kwa kwenda mwambani.

Fundi wa Pangani

Ndugu wa Kilwa, hoja yako ni nzuri kwa penye hori. Mwenye mada amesema samaki anaowataka wako upande wa ndani wa miamba, na mtoto aliyekwisha kuvua huko na mjomba hatakaa kwenye mikoko kwa sababu baba kamwambia akae. Atakwenda tu, na huo mtumbwi. Kwa hiyo afadhali apewe chombo kinachomudu safari anayoiendea.

Upepo wa huku nao unaitetea ngalawa. Mvuvi hutoka alfajiri na umande, ambao unavuma kutoka bara kwenda baharini, na mchana upepo wa bahari humrudisha pwani. Akiishiwa nguvu wakati huo husukumwa kuelekea nyumbani. Akijifunza kupiga bisho (kwenda mshazari dhidi ya upepo) na kupunguza tanga mapema, hana haja ya petroli. Ila asitoke Kusi, upepo wa kusini, ikivuma kwa nguvu, na kabla ya kutoka asikilize utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokaribia Mafia, tahadhari zilitangulia kwa siku kadhaa, na asiyezisikiliza hakuwa na cha kujitetea.

Mkazi wa Tongoni

Nawashukuru. Nilikwenda jana kuiangalia ngalawa maji yalipotoka, nikiwa na mjomba wa kijana. Mirengu ni imara, ndubi moja imepasuka kwenye ncha, na tanga ni jipya kweli. Ila upande wa tezi, karibu na pale usukani unapofungwa, kuna kiraka cha bati kilichopigiliwa misumari midogo na kupakwa lami. Kisu kiliingia kama nusu kidole pembeni mwa bati. Muuzaji anasema ni jiwe lililoitoboa. Je, niachane nayo?

Fundi wa Pangani

Usiachane nayo bado. Mwambie aling'oe bati mbele yako. Jiwe huacha tundu lenye kingo ngumu, na uozo huacha mti mweusi unaomeguka kwa ukucha. Kama ni tundu, hukatwa mraba, hutiwa kipande cha mti mgumu, kikazibwa kwa pamba na sifa (mafuta ya papa), na kazi hiyo ni ya siku moja. Kama ni uozo, kata mpaka ukutane na mti mzima, upime umefika wapi. Ukiishia juu ya mstari wa maji, mpe 600,000 na ndubi utengeneze mwenyewe. Ukishuka mpaka chini ya gogo, mshukuru muuzaji uondoke. Akikataa kung'oa bati, jibu umelipata.

Mkazi wa Tongoni

Amekubali, tena mbele ya watu wa kamati. Uozo ulikuwa mdogo, umeishia kiasi cha upana wa kiganja juu ya mstari wa maji. Tumeelewana 620,000, na fundi wa kijijini atatia kipande cha mvule Jumatatu. Chombo kinaandikishwa kwa jina langu, na mjomba atakuwa anakaa usukani. Kijana amenuna kidogo kwa hilo la usukani, lakini mishipi amekwisha kuifunga ndoana. Kilichobaki ni majaketi mawili, na kama kuna anayejua duka la Tanga linalouza yanayomtosha mtu mwembamba, anijulishe.