Wakuu, kompyuta 22 za msaada: nipige mfumo endeshi gani?

Kisima (mleta mada):
Habari zenu wakuu. Nimepewa kompyuta 22 za msaada, zote za mezani, zimetumika ofisini miaka mingi. Nazifufua ziende kwenye shule ambayo haina hata moja. Vumbi nimeshapuliza. Betri za saa, zile CR2032, nimebadilisha, maana karibu zote zilikuwa zinaamka na tarehe za zamani. Zilizokuwa zinapiga mlio bila kuonyesha kitu, nilitoa RAM (kumbukumbu ya muda) nikasugua meno yake kwa kifutio cha penseli, zikaamka. Nyingi zina prosesa ya zamani ya Core 2 Duo, chache ni i3 za kizazi cha pili. Nimegawanya RAM za i3 kwenda kwenye Core 2 Duo ili kila moja ifike GB 4.

Swali langu: nipige Windows 10, nilazimishe 11, au niweke Linux? Mkuu wa shule ananipigia kila siku, tarehe ya kukabidhi imekaribia na usingizi sina. Ushauri wa haraka tafadhali.

Tumbili Mjanja:
Windows 11 kwenye Core 2 Duo ni kumvisha babu viatu vya mbio. Atavaa, ila hatoki kizingitini.

Fundi Waya:
Hata kuvaa havai. Toleo lake la 24H2 linadai prosesa yenye amri ya ndani iitwayo POPCNT, na Core 2 Duo haina. Ukilazimisha, haiwaki kabisa. Kwa kawaida Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama), na kwa Intel ni kuanzia kizazi cha 8. Windows 10 nayo Microsoft waliacha kuipa masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo kuwapelekea watoto leo ni kuwapa mlango usio na komeo.

Weka Linux Mint ya Xfce, toleo lake jepesi. GB 4 zinatosha, Core 2 Duo ni za biti 64 hivyo haigomi, na LibreOffice, programu za ofisi, inakuja nayo. Ukipata SSD (diski za kasi zisizozunguka) hata za GB 120 ndiyo utaona tofauti, kuliko kuhangaika na prosesa. Ila kwanza, hadi diski (hard disk) zikoje? Umezisafisha vipi?

Bibi Msimamo:
Mimi sijui mambo ya prosesa, nimefundisha darasani maisha yangu yote. Naomba niseme moja. Msaada usiwe njia ya mtu kuondoa mzigo stoo kwake. Shule ikipokea mashine inayozima katikati ya somo, mtoto anajifunza kwamba yeye ndiye hajui. Nimewaona wakilia mbele ya kompyuta mbovu. Jiulize kwanza kama ungempa mwanao mashine hiyo.

Mtu Kati:
Umenikumbusha mbali sana. Sisi tulipokea za namna hii, tukapiga mfumo, tukapanga mezani, tukapiga picha na wageni. Baada ya muda zikaanza kujizima moja baada ya nyingine. Kufungua, kapasita (vile vikopo vidogo vya kutunza umeme) zote karibu na prosesa zimevimba vichwa, nyingine zimetoa ute wa kahawia. Hakuna aliyekuwa amechungulia. Tangu siku hiyo siangalii mfumo kabla ya kutazama kapasita na kupima pawa saplai.

Kisima:
Asanteni wote. Kapasita nimetazama, ziko bapa. Bibi, nazifanya kwa moyo mmoja kabisa, ndiyo maana silali. Fundi Waya, nimekuelewa kuhusu Linux, ila walimu wamezoea Windows, na sita nimeshazipiga Windows 10.

Dada Kipimo:
Kaka, Fundi amekuuliza kuhusu diski ukapita pembeni. Zilikuja na nini ndani?

Kisima:
Nimezifomati zote dada. Ziko safi.

Dada Kipimo:
Fomati ya haraka, ile ya sekunde chache? Na ofisi iliyozitoa ilikuwa inafanya kazi gani?

Kisima:
Ya haraka ndiyo. Ofisi yenyewe ni kituo cha afya. Zilikuja na mafaili yao, majina ya wagonjwa, majibu ya vipimo, vitu kama hivyo. Sikusoma, niliona tu mafolda nikafomati. Na zile sita zenye Windows nimeshazipeleka shuleni, kwa sababu mkuu wa shule aliomba waanze nazo.

Ila tuwe wakweli. Aliyezitoa hakusema lolote. Juu ya diski nimeshapiga mfumo mpya. Ni watoto wa shule, nani atafukua? Nikianza kuzifuta upya moja moja, tarehe itapita na shule itakosa.

Dada Kipimo:
Ulituuliza mfumo ukatuficha wagonjwa.

Fundi Waya:
Kaka, nisikilize vizuri hapa. Fomati ya haraka inafuta orodha ya mafaili tu. Data zenyewe zinabaki palepale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Windows uliyopiga imekalia sehemu tu ya diski, kwingine kote hakujaguswa. Programu ya bure kama PhotoRec inapita diski nzima na kuokota picha na hati bila kuhitaji orodha hiyo. Mwanafunzi mdadisi wa sekondari anaiweza ndani ya mchana mmoja.

Na hili si geni. Mwaka 2003 Simson Garfinkel na Abhi Shelat wa chuo cha MIT, Marekani, walichapisha matokeo ya diski 158 walizonunua zikiwa zimetumika. Walikuta humo namba za kadi za benki, barua binafsi na hata taarifa za afya. Nyingi zilikuwa na data inayosomeka, na kuna ambazo wenyewe walidhani wamefuta.

Ngumu Kumeza:
Samahani, mimi naona hii ni chai. Someni tena alichoandika. Ati ametoa RAM za i3 kizazi cha pili akaweka kwenye Core 2 Duo. i3 hizo zinatumia RAM aina ya DDR3. Core 2 Duo ni DDR2. Mkato wa meno hauko sehemu moja, haiingii hata ukiipiga nyundo. Halafu kidogo kidogo anaongeza kituo cha afya, wagonjwa, shule, mkuu wa shule anapiga simu. Mtu katunga kisa ili apate wachangiaji. Kila mwezi tunaletewa kamba za namna hii.

Tumbili Mjanja:
Duh. Kumbe tunahurumia wagonjwa wa kwenye hadithi.

Bibi Msimamo:
Kama ni uongo, basi ni uongo mbaya sana. Msichezee majina ya wagonjwa.

Mtu Kati:
Hata mimi hiyo RAM ilinigusa nikanyamaza.

Kisima:
Sijatunga. Ngumu Kumeza, bodi za hizi Core 2 Duo ni za chipseti (chipu inayounganisha prosesa na RAM) ya G41, na hizi zangu zinakula DDR3. Tena zinachagua. RAM ya GB 4 yenye chipu 8 ukichomeka haiwaki, inabaki kimya na feni inazunguka. Yenye chipu 16, nane kila upande, ndiyo inakubali. Nimelala nazo sakafuni nikijaribu moja moja. Ningekuwa natunga ningetunga kitu rahisi kuliko hicho.

Fundi Waya:
Hapo anasema kweli. G41 haisomi chipu zenye ujazo mkubwa, na hilo halijui mtu ambaye hajahangaika nayo. Tuache kesi ya RAM.

Ngumu Kumeza:
Bado nina shaka na hiyo ya kituo cha afya kutoa diski zikiwa zimejaa.

Dada Kipimo:
Nimefanya kazi sehemu kama hizo. Mashine ikizeeka inasukumwa stoo, anayetoa stoo si yule aliyekuwa anaandika majibu. Hilo ndilo lisilonishangaza. Kaka Kisima, kwa zile sita, huna haja ya kuzibeba. Nenda shuleni, mwambie mkuu wa shule ukweli kwamba unazirudia, na leo hii zisiguswe. Kituo cha afya nao uwaandikie, waelezwe diski zao zilikuwa na nini na umefanya nini. Data si yako, na si yao peke yao.

Kisima:
Mkuu wa shule atavunjika moyo. Tayari ametangaza kwa wazazi. Nilikuwa nafikiri nizifute hizi 16 zilizobaki vizuri, zile sita niziache mpaka likizo.

Dada Kipimo:
Hapana. Zile sita ndizo ziko mikononi mwa watu. Anza nazo.

Fundi Waya:
Tena si kazi kubwa kama unavyodhani. Andaa flashi yenye ShredOS, mfumo mdogo wa kufutia diski, ndani yake kuna programu ya nwipe. Kwa hadi diski za kuzunguka, kuandika sifuri mzunguko mmoja diski nzima kunatosha, hizo habari za mara saba ni za zamani. Diski ya GB 160 inayoandika MB 60 kwa sekunde inamaliza kama dakika 45. Na mfumo wenyewe unapakiwa wote kwenye RAM, kwa hiyo ikishawaka unachomoa flashi unakwenda mashine inayofuata. Sita zote zinafutwa kwa pamoja. Soma ripoti ya mwisho ya kila moja, ikisema kuna makosa usiiamini. Kama kuna SSD, hiyo usiiandikie juu, tumia amri ya kufuta iliyo ndani ya diski yenyewe kupitia programu ya hdparm. Ikifutika, piga Mint palepale, uondoke na Windows yako.

Kisima:
Zote ni za kuzunguka. Nimempigia mkuu wa shule, amekasirika, ila chumba amekifunga na funguo anazo yeye. Nakwenda kesho asubuhi. Moja kati ya zile sita inakwaruza na Windows ilichukua muda mrefu sana kuingia. nwipe itaimaliza?

Fundi Waya:
Hiyo usipoteze muda. Diski inayokwaruza ina sehemu ambazo haziandikiki tena, na zisizoandikika ndizo zinazobaki na data. Ichomoe, toboa sahani zake kwa drili matundu kadhaa, uvae miwani maana nyingine ni za kioo. Mashine iweke diski nyingine.

Kisima:
Nina moja ya akiba ya GB 80. Nakwenda nayo.