Naomba ushauri: paa la asbestosi kwenye nyumba ya zamani Nachingwea
Habari zenu wakuu. Tuna nyumba ya familia Nachingwea, ya enzi za mradi wa karanga wa Waingereza, ule ulioanza 1947 ukafa 1951. Kuta ni imara mno, mikorosho imezunguka uwanja, kwa kweli naipenda. Tatizo paa. Asbestosi imepasuka juu ya chumba cha mama, unga wa kijivu unadondoka hadi kwenye chandarua. Nimemhamishia chumba cha uani. Fundi anataka avunje kwa nyundo apige bati kabla ya mvua za Desemba. Nimemkatalia, vumbi lile linaleta saratani ya mapafu. Mliowahi kubadilisha, mlilowesha maji kwanza? Mabaki mlipeleka wapi? Na fundi anayeijua kazi hii, Lindi au Mtwara, nitampataje?