Vitabu vya Ferguson na Keane vimefungiwa kabatini shuleni kwetu: vitoke au vibaki? Tujadili

Wakuu habari za Jumapili. Naleta hili hapa maana kwenye kikao cha wazazi tulibishana mpaka baba mmoja akatoka nje akawasha pikipiki akaondoka zake, na kijiweni nako hatujamaliza.

Iko hivi. Shule moja ya sekondari ya kata hapa Mtwara mjini (jina naliacha) ilipata maboksi ya vitabu vya mtumba. Humo kulikuwa na fizikia za zamani, riwaya za kizungu zilizotoka majalada, na vitabu kama kumi na moja vya watu wa mpira wakisimulia maisha yao: Ferguson (kocha wa zamani wa Man U), Keane (aliyekuwa nahodha wake), Wenger (kocha wa zamani wa Arsenal), na wachezaji kina Zlatan, Ashley Cole, Rooney, Tony Adams na wengine. Vikawekwa mezani, vikawa vinagombaniwa kama daladala za jioni. Wiki ya pili vikaingia kwenye kabati la bati, kufuli juu. Tulichoambiwa ni kwamba si vya kiada, vinafundisha matusi na pombe, na watoto wanaacha masomo wanasoma mpira. Nusu ya wazazi wakapiga makofi.

Mimi nasema vitoke, na sisemi kwa sababu ya ushabiki, maana hata Man U nimeacha kuangalia siku hizi kwa kuhofia presha.

Sababu yangu kubwa ni mtoto wa dada yangu, yuko kidato cha pili. Huyu dogo nimemlea mimi, hajawahi kumaliza ukurasa mmoja wa Kiingereza bila kuulizia simu. Kabla ya kufuli, siku moja nimemkuta kibarazani, sahani ya ming'oko pembeni na pilipili yake, kitabu cha Ferguson cha mwaka 2013 magotini, kidole kinatembea chini ya mstari. Anasoma ile ya Februari 2003, Arsenal wamewatoa Man U kombe la FA 2-0 pale Old Trafford, mzee kaingia vyumbani kavimba, kapiga teke kiatu kilichokuwa chini, kikampata Beckham juu ya jicho. Sasa neno la Kiingereza la nyusi dogo halijui. Lakini picha ya Beckham kafunga nywele nyuma na jeraha linaonekana ameiona mara mia, kwa hiyo akakisia, akapatia, akasonga mbele. Kurasa nne kwa mkao mmoja! Mjomba mtu nilisimama mlangoni kimya, nikaogopa hata kukohoa.

Tuelewane hapo. Mtoto wetu amesoma miaka saba kwa Kiswahili, anaingia kidato cha kwanza anakutana na mambo asiyoyajua kwa lugha asiyoijua, mizigo miwili kichwani kwa wakati mmoja. Kwenye kitabu cha mpira mmoja ameshautua. Mechi anaijua, mfungaji anamjua, nani aliuzwa wapi anajua, imebaki lugha tu. Ndio maana anakwenda. Nipeni kitabu kingine kwenye yale maboksi kinachofanya hivyo, mimi nitafunga mdomo.

Haya sasa hoja za wapinzani, na nyingine zina uzito siwezi kukataa.

Wanasema hawa jamaa hawakuandika wenyewe, ni waandishi wa kukodi. Kweli kabisa. Cha Zlatan cha 2011 kiliandikwa na David Lagercrantz, na huyo mwandishi mwenyewe alikuja kukiri kwamba hakuwa ananukuu neno kwa neno, alikuwa anaitafuta sauti ya Zlatan kama mtunzi wa riwaya. Keane cha pili, 2014, alisaidiwa na Roddy Doyle ambaye ni mwandishi wa riwaya wa Ireland. Mimi hilo halinisumbui hata kidogo. Nilipokuwa darasa la tano bibi yangu alikuwa ananikalisha mkekani niandike barua kwenda kwa mjomba Dar, maneno yake, mwandiko wangu, na siku nyingine nilikuwa naongeza chumvi ili mjomba atume hela ya viatu. Barua ilibaki ya bibi. Mtoto aambiwe tu mapema kwamba hapa kuna mikono miwili, basi.

Wanasema pia ni vitabu vya kujisifu na upuuzi. Vipo! Rooney ametoa cha kwanza 2006 akiwa na miaka 20, sasa miaka 20 una maisha gani ya kusimulia, na bado kikamletea kesi, kocha wake wa zamani David Moyes akamshitaki kwa kumchafua na jamaa akaishia kuomba radhi na kulipa. Ashley Cole ndio usiseme, mwaka huohuo 2006 ameandika kwamba alipoambiwa Arsenal wanampa paundi 55,000 kwa wiki alikuwa kwenye gari akakaribia kutoka barabarani kwa hasira, kisa alitegemea 60,000. Mpe hicho kitabu mkulima wa Tandahimba aliyekuwa anasubiri shilingi 3,300 zake kwa kilo ya korosho msimu wa 2018 uone atakavyocheka. Lakini ndio nataka acheke! Dogo alinisomea ile sehemu akauliza "anko, huyu ana akili kweli?" Hilo swali ndilo tunalomtafutia shule.

Kwenye pombe naomba wazazi wanisikilize vizuri. Tony Adams, nahodha wa Arsenal, alifungwa jela Desemba 1990 kwa kuendesha gari amelewa, na kitabu chake cha 1998 kimejaa hiyo habari, mtu mzima anaeleza ulevi ulivyomla akiwa bado anavaa kitambaa cha unahodha. Hakuna mtoto atakayesoma pale akatamani pombe. Msimu wa mabibo ukifika watoto wetu wanaona pombe za uraka na gongo kila uchochoro bila kitabu chochote, sasa tunaficha kitabu cha mtu anayesema jamani hii kitu ilinimaliza. Mantiki iko wapi?

Ila mimi kinachonifanya nikomae ni jambo jingine kabisa. Hivi vitabu vinatakiwa visomwe viwiliviwili. Chukua Keane na Ferguson. Oktoba 2005 Man U wamepigwa 4-1 na Middlesbrough, Keane akahojiwa na televisheni ya klabu akawachana wenzake, mahojiano yakazuiwa yasirushwe, Novemba jamaa akaondoka. Sasa soma Ferguson: anaandika kwamba kiungo kigumu kuliko vyote mwilini mwa Keane ni ulimi, na ile video ilikuwa haivumiliki. Ukifunga hicho ufungue cha Keane cha mwaka uliofuata, yeye anasema ile video ilikuzwa tu, haikuwa na ubaya huo. Hata nyumba aliyopangiwa Ureno walipokwenda kambi imebishaniwa, kila mmoja ana maelezo yake. Watu wawili, chumba kimoja, siku moja, hadithi mbili. Nani mkweli? Hapo ndipo mtoto anaanza kupima: huyu ana sababu gani ya kusema hivi, yule anaficha nini, huyu kaandika akiwa na hasira au miaka imepita.

Au Jaap Stam, beki wa Man U enzi hizo. Ametoa kitabu 2001, ndani yake kasimulia mambo ya Ferguson alivyomchukua, mwezi Agosti hajakaa sawa kauzwa Lazio. Dunia nzima ikasema kitabu kimemponza. Ferguson akasema hapana, ilikuwa hesabu ya mpira na hela, beki ametoka kwenye majeraha na ofa ni nzuri, na baadaye akakiri kumuuza yule ilikuwa kosa. Mimi mpaka leo sijamwamini, jirani yangu anamwamini, na huo ubishi tumeuendesha miaka. Mwalimu wa historia anayetaka kufundisha vyanzo vya historia anatafuta mfano gani tena?

Halafu kuandika kunagharimu. Keane cha kwanza, 2002, alieleza ile rafu aliyomchezea Haaland baba mtu mwaka 2001 kwa namna ya kulipiza kisasi, chama cha soka Uingereza kikasoma kama sisi tunavyosoma, kikampiga faini paundi 150,000 na kumfungia mechi tano. Kwa maandishi yake mwenyewe! Dogo aliposikia hiyo alikaa kimya kidogo halafu akaenda kufuta kitu alichokuwa amepost.

Haya karibuni, mnipinge.

*

NIMERUDI. Naona moto umewaka, nawajibu wachache.

Mwalimu wa Masasi ameandika kwa uchungu kwamba yeye ana darasa limejaa mpaka madirishani na vitabu vya fizikia vya kuhesabu kwa vidole, halafu sisi tunagombania vya Rooney. Mwalimu wangu, shikamoo, na pole. Sina jibu la kukufurahisha. Ila kufuli la kabati halizai kitabu cha fizikia. Hivi vimeshakuja, viko ndani, panya anavisoma.

Dada wa Lindi ameuliza katika hivyo kumi na moja kuna cha mwanamke hata kimoja? Hakuna. Hapo dada umenikamata sina pa kutokea. Twiga Stars, timu yetu ya taifa ya wanawake, walifuzu AFCON ya wanawake Afrika Kusini mwaka 2010 na sisi tunaotetea vitabu hatukulifikiria hilo hata sekunde. Binti yangu mwenyewe alikuja akakisoma cha Wenger (wale wavulana walikiacha, wanasema hakina ugomvi), akapenda pale mwanzoni tu, kwamba Wenger amekulia kwenye mgahawa wa wazazi wake kijijini Alsace, wanaume wanakuja kunywa na kupanga kikosi cha timu ya kijiji, yeye mtoto anasikiliza. Akaniambia "baba hiki ni kijiwe chenu."

Ndugu wa Ruangwa yeye amekuja na ukali, kwamba tunalea watoto wanaojua vyumba vya Old Trafford lakini Namungo, timu ya kwao Ruangwa, wameingia fainali ya kombe la shirikisho la nyumbani 2020 wakafungwa na Simba 2-1 na hakuna aliyeandika mstari. Mkuu, hapo hatugombani. Ile fainali ilichezwa Sumbawanga! Ruangwa mpaka Sumbawanga umeipasua nchi kutoka bahari ya huku mpaka ziwa la kule, nani alikuwa kwenye lile basi, walikula wapi, nani alitapika, kocha aliwaambia nini mapumziko? Na msimu uliofuata wakafika makundi ya kombe la shirikisho Afrika. Ndanda ya hapa Mtwara nao wamepanda ligi kuu 2014, uwanja wa Nangwanda Sijaona ukawa hauingiliki, wameshuka, kimya. Wale wa Taifa Stars waliokwenda AFCON ya Lagos 1980 baada ya bao la Peter Tino kule Ndola, nani amewakalisha chini? Joel Bendera alikuwa kwenye benchi lile, ametutoka 2017.

Ila mkuu usitumie hiyo kufungia kabati. Mtoto atajuaje kwamba maisha ya beki yanaandikika kama hajaona yaliyoandikwa? Mimi nimeliona hili kwa macho. Hapa Ligula kuna mzee alicheza beki Bandari Mtwara enzi hizo. Dogo baada ya kusoma Keane amenunua kaunta buku kwa hela yake, akamfuata mzee kwenye kahawa, akaanza kuandika. Wiki ya kwanza mzee alikuwa anasimulia mabao tu. Ya pili akaanza viatu, kwamba jozi moja walikuwa wanapokezana, anayetoka anavua anamkabidhi anayeingia, na yeye mguu wake mkubwa kwa hiyo alicheza msimu mzima vidole vimekunjwa. Akavua ndala akaonyesha. Kucha ya dole gumba haijarudi mpaka leo.

*

NIMERUDI TENA, mara ya mwisho maana bando linakata.

Shule wamekubali nusu: vitabu vitatoka Ijumaa mchana baada ya vipindi, vitasomewa palepale, haviendi nyumbani, na cha Ashley Cole kinabaki ndani (mwalimu mkuu amekisoma, nadhani kimemuuma). Mimi nasema haitoshi, nyie endeleeni kujadili, nataka nisikie hasa waliopiga makofi kwenye kikao.

Kuhusu kaunta buku, kumetokea matatizo. Dogo kama nilivyomfundisha akatafuta shahidi wa pili, akampata mzee mwingine Mikindani waliyecheza naye. Huyu wa Mikindani anasema ile penalti iliyowapa ushindi, ambayo mzee wa Ligula ameshairudia mara saba na imejaza kurasa tatu, aliipiga yeye, na mzee wa Ligula siku hiyo alikuwa benchi hana kiatu. Dogo ameziandika zote mbili, ukurasa wa kushoto na wa kulia. Jana mzee wa Ligula amekuja hapa nyumbani na bakora, anataka ukurasa wa kulia uchanwe.