Mjadala: Idhini ya mzazi kwa binti kuolewa chini ya miaka 18 ibaki au ifutwe?

Mleta mada:
Wadau, salaam. Sheria nyingi zilizoruhusu binti aolewe kabla ya miaka 18 ziliweka sharti la idhini ya mzazi, kwa imani kwamba mzazi ndiye mlinzi wake. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 iliweka miaka 18 kwa mvulana na 15 kwa msichana mwenye idhini hiyo. Mahakama Kuu ilivikataa vifungu hivyo 2016, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo 2019.

Mimi nasema idhini hiyo haimlindi binti, inawaonyesha watu pa kubisha hodi. Shangazi anakuja, mjomba anakuja, anakuja na yule anayemdai baba. Hakuna anayepigwa wala kutishwa. Ni maneno tu, msibani, harusini, njiani: "Huyu mnamweka wa nini? Mnangoja awaletee aibu?" Baba anavumilia mwaka, wa pili anachoka. Na binti akirudishwa na mtoto mgongoni, wale wasemaji huwaoni.

Sheria ikikataa moja kwa moja, mzazi anapata la kujibu: "Mimi sina neno, ila nitafungwa." Si ushujaa, lakini kwa mzazi aliyezingirwa linatosha.

Mchangiaji wa 1:
Mkuu, unawadekeza wazazi. Wapo wanaohesabu mahari kabla mtoto hajamaliza shule. Huyo naye kasukumwa na nani?

Mchangiaji wa 2:
Kaka, wa mahari wapo, sikatai. Ila mimi ni mama, nikueleze. Hofu kubwa ni mimba. Binti akipata mimba nyumbani hakuna anayemuuliza baba, naulizwa mimi: "Ulimfunda nini?" Sasa mtoto kamaliza shule, ya mbele haipo, kazi haipo, yupo tu nyumbani. Kila akitoka, roho yangu juu. Akija mtu mwenye heshima zake akaposa, inaonekana kama nimeokolewa. Kwa hiyo msiishie kwenye sheria. Huyo binti akikataliwa kuolewa, kesho anaamkia wapi?

Mchangiaji wa 3:
Mama kasema kweli. Nami niongeze: mkifunga mlango wa mbele watu watapita uani. Ndoa itafungwa usiku, bila cheti, umri utaongezwa kwa mdomo. Akiachwa, hana karatasi ya kudaia matunzo. Mtakuwa mmemlinda au mmemvua hata kile kidogo alichokuwa nacho?

Mleta mada:
Mchangiaji wa 3, hoja yako nzito, na ndiyo maana kufuta idhini bila kuandikisha vizazi ni kujidanganya. Asiye na cheti cha kuzaliwa ana umri wowote watakaomtajia. Lakini kuficha hakukuanza na sheria kali. Hata idhini ikiwepo, wapo wasiojisumbua kuandikisha.

Malawi ilikuwa na mlango huu wa idhini kuanzia miaka 15, ikauondoa kwenye katiba 2017. England na Wales waliuondoa kwa wa miaka 16 na 17 mwaka 2023. Ningependa pia adhabu isimwishie mzazi. Mshenga na aliyefungisha ndoa nao wajibu. Mzazi akae ndani, mshenga aende kutafuta binti mwingine? Haiingii akilini.

Mama, swali lako la kesho sina jibu lake kwenye sheria yoyote. Ni la shule na ajira, na huko wengi wetu hatuonekani kama tunavyoonekana kwenye posa.

Mchangiaji wa 1:
Na binti wa miaka 17 anayetaka mwenyewe?

Mleta mada:
Angoje mwaka. Bwana kama anampenda hatakufa.

Mchangiaji wa 2:
Mwanangu, na kama ana mimba ya miezi minne? Mwaka huo anaukaa kwa nani, na hao wasemaji wako wakiwa wapi? Nijibu hilo kwanza.