Darasa la tano hadi la saba Sunday School: tuwaendesheje?

Mwalimu_Tabata: Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Tuna watoto 34 wa miaka 10 hadi 12, walimu wawili. Mapambio ya kuruka hawataki tena, ibada ya wakubwa wanasinzia. Naombeni mwongozo.

Kimara_Mwisho: Ameni mtumishi. Watenge na wadogo, hata kama ni chini ya mwembe. Mtoto wa miaka 11 akiimba kwa vitendo pembeni ya mdogo wake wa miaka 5 anaona aibu, na aibu hiyo ndiyo mnayoiita ukaidi.

Kwa saa moja: dakika 10 habari za wiki, 10 nyimbo, 15 neno, 20 vikundi vya watoto saba, 5 maombi. Vikundi ndiyo moyo wa somo. Chukua Luka 2:41-52, Yesu ana miaka 12. Ukiuliza "alikutwa wapi?" watajibu kwa pamoja "hekaluni!" na mazungumzo yamekufa. Uliza: "Kwa nini hakuwaaga wazazi, na mbona mstari wa 51 unasema aliwatii?" Halafu nyamaza, hesabu kimoyomoyo hadi kumi. Walimu wengi wanaharibu hapa: kimya kinawatisha, wanajijibu wenyewe, na watoto wanajua kumbe wakisubiri jibu linakuja.

Mwalimu_Tabata: Asante sana. Vikundi vitano, walimu wawili?

Kimara_Mwisho: Omba vijana watatu kwaya ya vijana. Wape maswali Alhamisi, siyo Jumapili asubuhi mlangoni.

Dada_Mbagala: Hao vijana wasikae na watoto chumba kilichofungwa, vikundi vyote viwe mnapoonana. Ujumbe wa simu upite kwa mzazi, usimwandikie mtoto faraghani. Na mtoto akikwambia ananyanyaswa, usimwahidi siri wala usimhoji tena na tena. Andika maneno yake kama alivyoyasema, mwambie mchungaji, piga 116, simu ya msaada kwa watoto (bure), au nenda Dawati la Jinsia na Watoto, polisi. Nawasihi, jambo hilo lisimalizwe kwa kikao cha wazee na familia. Anayeumia ni mtoto.

Mzee_wa_Zamu: Wapeni pia kazi ya kweli ibadani. Msomaji wa Jumapili apewe mistari yake Jumatano, aisome nyumbani kwa sauti mara tatu. Mvulana ambaye sauti imeanza kukwaruza msimsimamishe kuimba peke yake. Darasa la saba wana mtihani Septemba, kwa hiyo mazoezi ya Jumamosi yasimame tangu Agosti; wako tuisheni.