Mjadala: Domeini ya blogu ya mteja isajiliwe kwa jina la nani, lake au la fundi?

Mleta mada, Dar

Wakuu habari za saa hizi. Naomba tuliongee hili bila kuficha mana linatuharibia kazi na kila mtu kakaa kimya. Sisi tunaowatengenezea watu blogu, wanasheria, wataalamu wa lishe, madalali wa viwanja, walimu wa tuisheni, mteja akija anasema tu nitengenezee blogu ya maana bei gani, domeini (lile jina la blogu mtandaoni) haijui, hostingi (pale blogu inapohifadhiwa) haijui, basi fundi anaingia kwenye akaunti yake mwenyewe ananunua domeini, anajaza jina lake, imeili yake na namba yake ya simu, afu mteja anapewa neno la siri la kuandikia makala, kwisha. Yule mteja anaenda kuchapisha kadi za biashara zenye lile jina, anaandika miaka mitatu, watu wanamjua kwa lile jina, na kwenye rekodi za msajili, yaani kampuni inayouza domeini, mwenye mali ni fundi.

Msimamo wangu ni huu: domeini iwe ya mteja toka siku ya kwanza, hata kama bado anadaiwa.

Ukifungua fomu ya usajili, nyingi zinatenganisha mwenye domeini na mtu wa ufundi. Hiyo ya ufundi ndio nafasi yetu, imewekwa kwa ajili ya watu kama sisi kabisa, kwa nini tunajaza jina letu kule juu? Na mteja hata akitaka kuhakiki hawezi, mana toka 2018 sheria ya Ulaya ya faragha ilipoanza kufanya kazi wasajili wengi wanaficha jina na anwani ya mwenye domeini za .com, akitafuta anakuta taarifa zimefichwa. Anabaki kuamini mdomo wa fundi tu.

Wengine mnasema "nitamhamishia baadaye akimaliza kulipa". Sawa, ila domeini mpya ya .com kwa kawaida haihami kwenda kwa msajili mwingine mpaka zipite siku 60, na kubadilisha jina la mwenye mali nako kunaweza kuwasha kufuli jingine la siku 60. Hapo mteja kashamaliza kulipa na bado mnazungushana.

Halafu kuna matangazo ya Google, yaani AdSense, hili ndo linaniuma zaidi. Fundi anafungua akaunti kwa imeili yake "kwa muda". Salio likifika dola 10 Google wanatuma barua yenye namba ya kuhakiki anwani, inaingia kwenye sanduku la posta la nani? La fundi. Ikifika dola 100 malipo yanatoka, yanaingia benki ya nani? Mteja anakesha kuandika, hela inaenda kwingine, na wala si kwamba fundi kaiba kwa makusudi, ni mpangilio mbovu wa mwanzo tu ambao hakuna aliyejisumbua kuurekebisha.

Karibuni, anaepinga apinge kwa hoja.

Mchangiaji, Mwanza (mbunifu)

Mkuu nakuheshimu ila unaongea kama mtu ambae hajawahi kudhulumiwa. Mimi nilimtengenezea mtu blogu ya mambo ya ujenzi, kanipa advansi nusu, nikahamisha makala zake zote za zamani moja moja kutoka Facebook, nikachora nembo, nikaenda mpaka saiti kupiga picha mana zake zilikuwa na ukungu, nikampa funguo zote kwa imani. Kesho yake simu haipokelewi. Baadae ananiambia bosi mwenzake kasema bei ilikuwa kubwa. Blogu iko hewani mpaka leo inamletea wateja na mimi nusu yangu sijaiona.

Nikamshtaki kwa laki tatu? Domeini ndio dhamana pekee iliyobaki mkononi mwa fundi mdogo. Kampuni kubwa zina wanasheria, sisi tuna nini?

Mchangiaji, Nakuru (mteja)

Mimi niko upande wa hao wateja mnaongelea, so wacha niseme yangu. Nina blogu ya kilimo, vitunguu na viazi hasa, ilitengenezwa na kijana mmoja mzuri sana kwa kazi, sina shida na mikono yake. Nilimlipa yote kwa M-Pesa, rekodi niko nazo. Akapata kazi Qatar, akabadilisha laini, na imeili yake ya zamani hajibu. Domeini ikaisha muda wake. Meseji za kukumbusha ku-renew zilikuwa zinaenda kwake, si kwangu, mimi nikajua tu siku mkulima mmoja kunipigia kuniuliza mbona nimefungua tovuti ya kamari. Kumbe mtu alisubiri ikaachiliwa akaichukua. Makala zangu zote za bei za soko, zile nilikuwa naandika kila wiki, sikuwa na bekapu hata moja.

Kwa hivyo boss wa Mwanza, pole sana kwa hiyo dhuluma, lakini mimi sikuwa na deni na bado niliumia. Hiyo dhamana yako inamfunga hata mtu amelipa.

Na kuhusu kushtaki, huku Kenya tuko na Mahakama ya Madai Madogo, ilianza kazi 2021, inachukua kesi hadi milioni moja ya Kenya na inafaa kuamuliwa ndani ya siku 60. Si rahisi sana lakini iko.

Mleta mada, Dar

Nakuru pole sana, na kisa chako ndo hasa ninachokisemea. Fundi anaweza kuhama, kuugua, kufa, kugombana na mkewe akafunga kila kitu. Jina la biashara ya mtu haliwezi kuning'inia kwenye laini ya simu ya mtu mwingine. Ni kama fundi mwashi kuandikisha hati ya kiwanja kwa jina lake kisa hajamaliziwa hela ya plasta, hakuna mtu mtaani angekubali, ila kwenye mtandao tunaona kawaida.

Sasa Mwanza, hoja yako ni nzito na siipuuzi. Ila dhamana unayo nyingine na ni bora zaidi. Jenga kwenye seva yako, kwenye anwani yako ya majaribio, mteja anaingia anaona, anabonyeza, anaagiza marekebisho, ila iko kwako. Domeini yake iko kwenye akaunti yake haijaelekezwa popote. Malipo yagawe, nusu mwanzo, sehemu nyingine akiikubali sura ya blogu, ya mwisho KABLA hujaihamishia kwake. Asipolipa huna haja ya kumshikia jina lake, unashikilia kazi ya mikono yako, ambayo ni haki yako kabisa. Wewe ulihamisha kwanza ukasubiri hela baadae, hapo ndo palipovuja.

Makubaliano yaandike hata kwa WhatsApp, bei, hatua, tarehe, nani anamiliki nini. Huku Tanzania Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inazitambua rekodi za kielektroniki kama ushahidi, kwa hiyo ile chati sio maneno matupu.

Kingine ambacho mafundi hatukitaji: kuna orodha ya wasomaji, wale waliojiandikisha kupokea makala kwa imeili. Toka Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ianze kutumika 2023, mkusanyaji ni mwenye blogu na wewe fundi ni mchakataji tu, yaani unazishughulikia kwa niaba yake. Ukimfungia mteja nje umekaa na imeili na majina ya watu ambao hawajawahi kukujua, na hujapewa ruhusa ya kukaa nazo. Hilo deni la laki tatu linaweza kukuletea kesi kubwa kuliko deni lenyewe.

Mchangiaji, Zanzibar

Hamjambo. Mie naona nyote mnasahau jambo moja. Wateja wetu wengi huku, wenye nyumba za wageni na wapishi wanaoandika mapishi, ukimpa akaunti yake mwenyewe hailipii. Imeili haifungui, neno la siri kalisahau, simu ilianguka baharini. Domeini ya .com ikiisha msajili anaweza kumpa mpaka siku 45 za kuchelewa kulipia, kisha inaingia siku 30 za kuikomboa kwa bei kubwa mara kadhaa kuliko ya kawaida, kisha siku 5 za kusubiri kufutwa, halafu yeyote anaichukua. Mie nikiishika najua haitakufa. Sasa nikimwachia ikafa, lawama za nani? Zangu. Watasema fundi mbovu.

Mleta mada, Dar

Zanzibar umegusa kweli, na jibu langu sio kumwachia mtu mzigo asioujua. Akaunti jina lake, imeili yake, namba yake, na wewe unaongezwa kama mtu wa ufundi, wasajili wengi wanaruhusu kumpa mtu mwingine ruhusa ya kusimamia bila kumpa umiliki. Mlipie ada mwenyewe kila mwaka umchaji na hela ya matunzo juu, hiyo ni biashara halali na inaingiza kila mwaka. Siku ya makabidhiano kaa nae, sio kumtumia meseji, mwambie aingie yeye kwa vidole vyake, aone jina lake pale kwenye mwenye mali, apakue bekapu aiweke kwenye flashi, namba za siri za kurejesha akaunti aziandike kwenye daftari la duka. Nusu saa haifiki.

Mchangiaji, Mwanza (mbunifu)

Hapo kwenye kujenga kwenye seva yangu nimekuelewa na nitaanza hivo. Ila bado nakupinga kwa mteja mmoja, yule ambae hana hata hela ya domeini, mimi ndo natoa mfukoni elfu thelathini na kitu naandika jina lake, afu anaghairi kazi nzima. Jina nimelinunua mimi na siwezi kuliuza. Huyo nae unasemaje?

Mleta mada, Dar

Huyo asianziwe kazi mpaka atoe ya domeini. Mtu ambae hana ya jina la biashara yake, ya kazi yako ataitoa wapi? Wenye mawazo tofauti kwa hili endeleeni, hasa mlioko kwenye kampuni za hostingi, mnapopokea simu ya mteja analia domeini ina jina la fundi mnamsaidiaje?